Vichwa vya Mayatima

Nilikuwa nimeingia kwenye kibanda cha M-Pesa karibu na steji kutoa elfu mbili. Dada wa ndani alichukua kitambulisho changu, akakisoma, kisha akaniangalia usoni.

"Mwalimu! Si ni wewe ulikuwa unatufunza hesabu?"

Nilimtambua kwa sauti kwanza. Mwaka 2017 alikuwa kidato cha pili, anakaa dawati la nyuma kando ya dirisha, katika shule moja ya kutwa huku Nairobi mashariki. Mimi nilikuwa na miaka 23, nimetoka chuo juzi, nimeandikwa na bodi ya shule, kwa maana kwamba TSC haikuwa inanijua na mshahara ulikuja siku ambayo karo imekuja.

Tukasalimiana, tukaulizana habari za fulani na fulani. Huku akiongea nami alikuwa anahudumia watu wawili: mama mmoja anaweka elfu tatu na mia nne za chama, kijana mwingine anataka kujua akitoa mia nane atabaki na ngapi baada ya makato. Alimjibu huyo kijana bila kushika kikokotoo. Nikamwambia kwa kumsifu, "Kumbe hesabu unazichapa hivi!"

Akacheka. "Hii si hesabu, mwalimu. Hii ni pesa. Hesabu ilinikataa. Mimi nilikuwa mjinga wa hesabu tangu zamani, si unajua."

Si unajua. Nilichukua pesa zangu nikatoka, na hayo maneno mawili yamekaa nami tangu siku hiyo. Kwa sababu kweli najua. Najua kitu ambacho yeye hajui: kwamba mjinga kwenye kile chumba alikuwa mimi.

Acha nieleze. Muhula wa kwanza wa mwaka ule tulikuwa tunarudia namba hasi. Niliandika ubaoni kwamba hasi mara hasi ni chanya, nikatoa mifano minne, nikageuka nikauliza swali ambalo kila mtu aliyesoma Kenya analijua: "Mmeelewa?" Darasa zima, wanafunzi 58, wakaimba, "Ndioo!" Nilikuwa tayari kuendelea. Halafu mkono mmoja ukainuka kule nyuma.

"Mwalimu, lakini kwa nini? Vitu viwili vibaya vinakuaje kizuri?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka ule. Na sikuwa na jibu. Nilikuwa nimepita mitihani yote, nina digrii, na hakuna siku hata moja nilikuwa nimejiuliza kwa nini. Nikahisi joto shingoni. Nikasema, "Hiyo ni kanuni. Wewe andika tu. Wenzako wote wameelewa, ni wewe tu." Darasa likacheka. Akaandika. Hakuinua mkono tena hadi nilipoondoka shule ile.

Sasa mimi ni mwalimu bora kuliko yule kijana. Sijisifu, nasema tu ukweli: wanafunzi wangu wa leo wanapata somo la namba hasi ambalo mimi mwenyewe ningependa kulipata. Lakini nilifikaje hapa? Nilifika kwa kukosea juu ya watu. Wale 58 walilipa karo ya masomo yangu ya ualimu, na hakuna aliyewauliza kama wako tayari kulipa. Swali langu ni moja: je, hilo ni haki? Na kama si haki, nawadai au wananidai nini?

Angalia ufundi mwingine. Kijana akienda kujifunza cherehani, anaanza na vitambaa chakavu. Anashona mstari, anafumua, anashona tena. Hakuna fundi anayemkabidhi suti ya harusi siku ya kwanza. Kijana wa gereji anaanza kwa kuosha vyuma na kupeana spana, akiangalia mikono ya fundi miezi mingi kabla hajagusa breki za gari la mtu. Daktari mpya anafanya kazi huku mkubwa wake akiwa karibu. Mwalimu je? Mwalimu anapewa chaki, ratiba na suti ya harusi. Mlango unafungwa. Kuna TP, ndiyo, ule muhula mmoja wa mazoezi, lakini kila aliyeipitia anajua: msimamizi kutoka chuo anakuja mara chache, anakaa nyuma na fomu, na siku anayokuja ndiyo siku unafundisha somo ulilolifanyia mazoezi kama wimbo wa tamasha.

Waarabu wana methali ya zamani kuhusu mtu anayejifunza hijama, ule ufundi wa kuumika watu, kwenye vichwa vya mayatima. Ni methali kali kwa sababu haisemi kwamba anayejifunza ni mtu mbaya. Inasema tu anajifunzia kwa nani. Yatima hana baba wa kuja kuuliza, "Nani amemkata mwanangu hivi?" Na sisi walimu, ukitazama vizuri, tunajifunzia wapi? Shule ambazo mzazi ana wakili na namba ya mwenye shule, mwalimu asiyeelewa somo lake hakai wiki tatu. Shule niliyoanzia, wazazi walikuwa kazini kuanzia saa kumi na moja asubuhi. Nilijifunza hapo miaka mitatu. Nilipoiva, nikahama. Aliyechukua nafasi yangu alikuwa na miaka 23.

Najua utanijibu vipi, kwa sababu mimi mwenyewe nimejijibu hivyo usiku mwingi.

Jibu la kwanza: hakuna njia nyingine. Mtu hajifunzi kuogelea ukingoni. Aristotle alisema jambo kama hili karne nyingi kabla ya sisi, kwamba mjenzi anakuwa mjenzi kwa kujenga. Sawa. Lakini watu wengi wanaishia hapo na kusahau kwamba aliongeza jambo la pili: kwamba kwa kujenga huko huko, mwingine anakuwa mjenzi mbaya, na ndiyo sababu watu wanahitaji walimu. Kufanya peke yake hakutoshi. Nimekaa chumba cha walimu na watu wenye uzoefu wa miaka 20, na wengine wao, bila kuwavunjia heshima, wana uzoefu wa mwaka mmoja uliorudiwa mara 20. Kwa hiyo ukisema "hakuna njia nyingine," unasema kweli kuhusu makosa yenyewe. Makosa yatakuwepo. Lakini hujasema lolote kuhusu makosa ambayo yanafanywa, hayaonwi na mtu, na yanafanywa tena mwaka unaofuata juu ya watoto wengine.

Jibu la pili: nilikuwa na nia njema, mshahara mdogo, na hakuna aliyenishika mkono. Yote ni kweli. Lakini hilo linaeleza kwa nini deni lilitokea. Halilipi deni. Matatu ikikugonga kwa sababu breki zilikatika, utamhurumia dereva, lakini mguu wako bado umevunjika.

Nieleze basi jinsi nilivyojifunza, ndiyo uone kwamba njia ya pili ilikuwepo.

Kwanza ilibidi nijue nilikuwa namwiga nani. Mwaka 1975 msomi wa Marekani, Dan Lortie, aliandika kwamba ualimu una uanagenzi wa ajabu: kila mwalimu amekaa miaka mingi akiwatazama walimu kabla hajawa mmoja wao. Anadhani anaijua kazi, lakini aliiona kutoka upande wa dawati. Hakuona mipango, wala mashaka, wala sababu. Aliona tu maonyesho. Mimi nilitazama miaka 12 ya 8-4-4 pamoja na chuo. Kiboko kilipigwa marufuku shuleni mwaka 2001, lakini nilikiona miaka mingi baada ya hapo, na siku zangu za kwanza kazini mkono ulikuwa unakitafuta wenyewe. "Wewe andika tu" haikuwa sentensi yangu. Niliambiwa hivyo nikiwa darasa la sita, nami nikaipitisha kama nilivyoipokea, bila kuifungua.

Halafu, kwenye shule yangu ya pili, kulikuwa na mama mmoja wa hesabu aliyebakisha miaka michache astaafu. Alikuwa amepitia SMASSE, ule mpango ulioanzishwa mwaka 1998 na serikali yetu pamoja na JICA ya Japani kwa ajili ya walimu wa hesabu na sayansi. Wengi wetu vijana tulikuwa tunaucheka: semina za likizo, chai na mandazi, vifupisho virefu. Yeye alikuwa amebaki na kitu kimoja tu kutoka huko, hatua nne: panga, tenda, tazama, boresha. Aliniambia, "Wewe mwanangu unapanga na unatenda. Hutazami."

Nikamwomba nikae darasani mwake. Akauliza swali, kisha akanyamaza. Nilianza kutokwa na jasho kwa niaba yake. Nikahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Sekunde ya tano mkono ukainuka, halafu mwingine, na wa tatu ulikuwa wa kijana ambaye kwangu nilikuwa nimemwandika kama bubu. Baadaye nilikuja kusoma kwamba mtafiti Mary Budd Rowe alisikiliza masomo yaliyorekodiwa Marekani na kukuta walimu wakiuliza swali husubiri kama sekunde moja tu kabla hawajaingilia. Wakisubiri tatu au zaidi, majibu yanarefuka, na wale wanaohesabiwa dhaifu wanaanza kuongea. Sekunde mbili za ziada! Hazihitaji bajeti wala maabara. Mimi nilikuwa nimewanyima watu 58 sekunde mbili kwa miaka mitatu, kwa kuwa kimya kilinitia hofu.

Kisha akaja darasani kwangu. Nilitarajia aandike kuhusu mimi: sauti yangu, ubao wangu, andalio langu la somo. Baada ya kipindi akanipa karatasi yenye jina la mwanafunzi mmoja na mistari michache. Dakika ya 4, amenakili mfano. Dakika ya 11, ameuliza jirani, jirani hajui. Dakika ya 15, ameacha. Dakika ya 22, umeuliza kama wameelewa, amesema ndiyo.

Nimekuja kujua kwamba hivyo ndivyo Wajapani wanavyofanya kwa zaidi ya karne: walimu wanapanga somo moja pamoja, mmoja analifundisha, wengine wanakaa humo ndani wakiwatazama wanafunzi. Wanatazama wanafunzi, hawamtazami mwalimu. Halafu wanakaa chini kuuliza somo lilikwama wapi. Somo ndilo linashtakiwa, mtu anaachwa. Uswahilini tunasema kinyozi hajinyoi, na sijui methali inayoieleza kazi yangu vizuri zaidi. Siwezi kuona kisogo changu. Kila siku nilikuwa narudi chumba cha walimu nikisema somo limeenda vizuri, na nilikuwa naamini.

Ni mama huyo huyo aliyenifundisha namba hasi. Akaandika ubaoni, tukiwa wawili tu baada ya masomo: tatu mara hasi mbili ni hasi sita. Mbili mara hasi mbili ni hasi nne. Moja mara hasi mbili ni hasi mbili. Sufuri, sufuri. "Angalia upande wa majibu. Kila hatua unaongeza ngapi?" Mbili. "Basi shuka hatua nyingine. Hasi moja mara hasi mbili ni ngapi?" Sikuwa na mahali pa kutorokea. Lazima iwe mbili. Kisha akaniambia toleo la dukani: mwenye duka akikufutia deni la 200 mara tatu, umeharibikiwa au umepata? Umepata 600. Kuondoa kibaya ni kupata kizuri. Nilikuwa na miaka 26, mwenye digrii, na nilihisi kulia. Wakati huo nilimkumbuka yule msichana wa dirishani kwa mara ya kwanza.

Sasa mtasema, basi serikali ilete utaratibu. Utaratibu upo. Tangu 2016 kuna TPAD, ambapo mwalimu wa TSC anakaguliwa na mtu anakuja kutazama somo lake. Kwa makaratasi ni lile lile jambo la mama yule. Lakini ukijua kwamba anayekutazama anakupa alama, na alama zinakwenda kwa mwajiri wako, utafanya nini? Utamwonyesha somo la TP. Nani ataonyesha kisogo chake kwa mtu aliyeshika kalamu ya kupandisha watu vyeo? Tunajaza, tunapakia, tunaendelea. Mwaka 2021 likaja suala la mafunzo ya lazima ambayo mwalimu angejilipia, takriban shilingi 6,000 kwa mwaka, na nchi nzima ikabishana: nani alipe? Mimi nilikuwa upande wa walimu, na bado niko. Lakini katika kelele zote zile sikusikia mtu akisema kwamba kuna aliyekuwa tayari analipa. Na 2023, JSS zilipofunguliwa na walimu wengi wakajikuta wakifundisha masomo ambayo hawakuyasomea chuoni, bili ilipelekwa kwa nani? Kwa mtoto wa miaka 12, ambaye hata hajui kwamba kuna bili.

Hapa ndipo nimefika na swali langu, na sidhani nimelimaliza.

Siamini kwamba nilikosea kwa kutojua. Kila fundi ameanza bila kujua, na watoto wa mtaa ule walihitaji mwalimu mwezi ule, hawangengoja mimi niive. Nimejaribu pia kujifariji kwamba nawalipa kupitia hawa nilio nao leo. Ni faraja nzuri, ila ina kasoro: ukikopa kwa Wanjiku, humalizi deni kwa kumpa Otieno zawadi. Wanjiku bado anangoja.

Kosa langu liko mahali padogo zaidi, na ndiyo maana linaniuma. Ufundi unachukua miaka. Hakuna mtu angeweza kunidai nikiwa na miaka 23 nilijue somo kama mama wa miaka 57. Lakini maneno "Sijui. Acha nitafute, nitakuambia Alhamisi" hayahitaji uzoefu wowote. Siku ya kwanza kazini nilikuwa nayo yote mdomoni. Badala yake nikasema, "Ni wewe tu." Nilichukua ujinga wangu nikamvisha yeye, mbele ya wenzake, na ukamkaa. Amekuwa nao miaka yote hii. Anautaja kwa kicheko, kama mtu anayekutajia urefu wake.

Kwa hiyo nikiulizwa na kijana anayeanza kazi hii anawadai nini wanafunzi wake wa kwanza, kwa kuwa bado hana ufundi, namwambia: wape ukweli kuhusu nani amekwama. Ukikwama wewe, sema ni wewe. Somo likifeli, usilipeleke nyumbani kwa mtoto likalale huko. Halafu fungua mlango, tafuta mtu mmoja unayemwamini aje akae nyuma, na usimpe kalamu ya alama. Hayo mawili hayatakufanya usikosee. Yatafanya makosa yako yasikae juu ya kichwa cha mtu mwingine.

Nilirudi kwenye kile kibanda wiki mbili baadaye. Sikuwa na pesa ya kutoa. Nilimwambia, "Unakumbuka uliniuliza kuhusu hasi mara hasi?" Hakukumbuka. Nikamwambia kwamba aliniuliza, kwamba mimi sikujua jibu, na kwamba nilimdanganya kwamba wenzake wote walikuwa wameelewa. Aliniangalia kama mtu anayeshuku kwamba nataka kukopa.

Nikaomba kalamu. Nyuma ya karatasi ya matangazo nikaandika ile safu, tatu, mbili, moja, sufuri, nikamwachia hatua ya mwisho. Nikanyamaza. Mwanamume mmoja alikuwa anangoja nyuma yangu na simu mkononi. Nikahesabu hadi sita.

Aliandika mbili. Akaitazama. Nikamweleza na ile ya deni dukani, akaanza kutikisa kichwa kabla sijamaliza, kwa sababu madeni anayajua kuniliko.

"Hiyo tu?" akauliza.

"Hiyo tu."

Hakucheka safari hii. "Mwalimu, miaka yote hii, ni hiyo tu?"

Sikuwa na la kusema. Akaikunja ile karatasi akaiweka chini ya daftari lake, kisha akainua macho kwa yule mwanamume nyuma yangu, akamuuliza anatoa ngapi.